Mwashi Anayesubiri Tofali

Kwa zaidi ya miaka mia moja watafiti wamekuwa wakienda kwenye saiti za ujenzi na swali lilelile: kwa nini kazi inachelewa? Walipoanza, macho yao yote yalikuwa kwenye mikono ya fundi. Karibu karne nzima ilipita kabla hawajaanza kuuliza fundi huyo anasubiri nini, na nani anamsubirisha.

Boston, 1885

Mwaka 1885, mjini Boston, Marekani, kijana wa miaka 17 aitwaye Frank Gilbreth alianza kujifunza uashi kwa mkandarasi mmoja. Alikuwa mdadisi wa kuchosha. Aliona kwamba kila mwashi ana namna yake ya kuweka tofali. Kisha akaona jambo la ajabu zaidi: mwashi yuleyule ana namna tatu, moja anapofanya kazi taratibu, nyingine anapoharakishwa, na ya tatu anapomwonyesha mwanafunzi. Ipi ndiyo sahihi? Hakuna aliyeweza kumjibu, naye akaamua kuitafuta mwenyewe.

Kitu kilichomshangaza kilikuwa mgongo. Matofali yalimwagwa kwenye jukwaa, karibu na miguu ya mwashi. Ili kuokota tofali la kilo mbili hivi, mtu mzima wa kilo karibu 70 alilazimika kuinama mpaka chini na kuinuka, mara elfu moja kwa siku. Kazi kubwa ya siku ilikuwa kuuinua mwili wake mwenyewe. Ukuta ulipata masalio ya nguvu zake. Gilbreth akabuni jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyopanda, lenye meza ya kuweka matofali na saruji usawa wa mkono. Chini aliwaweka vibarua wa kukagua matofali kabla hayajapandishwa na kuyapanga upande mzuri ukiwa tayari umeelekea nje, ili mwashi asiligeuzegeuze tofali hewani. Saruji nayo ikachanganywa laini kiasi kwamba tofali lilikaa kwa kusukumwa na kiganja, bila kugongwagongwa na mwiko.

Miondoko ya kuweka tofali moja ikashuka kutoka 18 hadi 5. Mafundi waliozoeshwa mtindo huo waliweka wastani wa matofali 350 kwa saa, badala ya 120 ya zamani, na wakalipwa zaidi ya kiwango cha kawaida. Mwaka 1895 Gilbreth alifungua kampuni yake ya ujenzi, na mwaka 1909 akachapisha kitabu kizima juu ya mfumo wake wa uashi. Miaka miwili baadaye Frederick Taylor, mhandisi aliyetaka kila kazi duniani ipimwe kwa saa ya kupimia, alimtaja Gilbreth katika kitabu chake mashuhuri kama ushahidi kwamba hata ufundi uliokaa maelfu ya miaka bila kubadilika unaweza kuchunguzwa kisayansi.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda kombo. Waliosoma kwa Taylor habari za waashi wa Gilbreth waliondoka na hesabu ya 350 na saa ya kupimia, jukwaa wakaliacha.

Tsavo, 1898

Wakati Gilbreth akijenga jina lake Boston, upande wetu wa dunia reli ilikuwa ikitandazwa kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta kutoka India wafanyakazi wapatao 32,000 kwa mikataba. Karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Watu wengi wanaikumbuka Tsavo ya mwaka 1898 kwa sababu ya simba wawili waliokuwa wakila watu, hadi wafanyakazi wakalisimamisha treni kwa kulala relini, wakapanda na kukimbilia pwani, na kazi ya daraja la reli hapo Tsavo ikasimama kwa wiki tatu hivi.

Kuna kisa kingine cha mwaka huohuo kisichosimuliwa sana, nacho kinatokana na maelezo ya mhandisi aliyewaua simba hao, John Henry Patterson. Kwa ajili ya daraja alihitaji waashi wa kuchonga mawe. Mwashi alilipwa rupia 45 kwa mwezi, kibarua wa kawaida 12. Si ajabu kwamba vibarua wengi walijiandikisha kuwa waashi. Patterson alipogundua, akaweka kazi ya kipande: mtu alipwe kwa kiasi alichochonga, kwa kima ambacho mwashi wa kweli angefikisha rupia zake 45 bila taabu. Wale wengine waliona mshahara wao unayeyuka. Kwa mujibu wa Patterson, walikula njama ya kumuua na kumfukia porini, ili isemwe kwamba kaliwa na simba. Aliponea chupuchupu, na viongozi wa njama wakashtakiwa na kufungwa.

Tumeachiwa upande wa bosi peke yake, na bosi mwenyewe alikuwa mtu wa kupenda kujisifu. Hata hivyo kisa kinafundisha. Gilbreth aliinua tofali likafika mkononi mwa mwashi, ndipo akadai kazi zaidi. Patterson alibadilisha malipo tu. Jiwe na jua la Tsavo vikabaki vilevile. Mameneja wengi wa karne ya ishirini walifuata njia ya Patterson huku wakidhani wanafuata ya Gilbreth.

Agosti 1911, kwenye kiwanda cha silaha cha serikali ya Marekani huko Watertown, Massachusetts, wafanyakazi wa kalibu waliweka zana chini baada ya mtaalamu kutokea na saa ya kupimia. Mgomo ulikuwa mfupi, lakini ulifika hadi bungeni Washington, na kwa miaka mingi baadaye saa hizo zilipigwa marufuku katika kazi za serikali. Waashi nao hawakuupokea mfumo wa Gilbreth kwa vigelegele. Waliona wazi kwamba matofali 350 kwa saa maana yake ni mafundi wachache.

Mtu aliyeelewa kilichokosekana alikuwa mke wa Gilbreth, Lillian, waliyeoana naye mwaka 1904. Kitabu chake juu ya saikolojia ya usimamizi kilitoka mwaka 1914, jina lake likiandikwa kwa herufi za mwanzo ili msomaji asijue kwamba mwandishi ni mwanamke. Yeye na mumewe wakaanza kupima uchovu: mtu apumzike mara ngapi, akae kwenye kiti cha namna gani, chakula kimfikie wapi. Frank alifariki mwaka 1924 na kumwachia watoto wengi na kampuni. Lillian aliendelea na kazi hiyo kwa miongo mingi.

Njaa langoni, 1930 hadi 1937

Mdororo mkuu wa uchumi ulizipa kampuni za Marekani kitu ambacho hakuna mtafiti angeweza kukibuni: maelfu ya watu wenye njaa waliosimama langoni. Kazi ya jengo la Empire State mjini New York ilianza Machi 1930, na ghorofa 102 zikafunguliwa tarehe 1 Mei 1931. Siku za pilikapilika walikuwepo zaidi ya wafanyakazi 3,000. Kampuni ya ndugu wawili Starrett na mwenzao Eken iliweka reli ndogo kwenye kila ghorofa kubeba vifaa, na migahawa humohumo ndani ya jengo, ili mtu asishuke chini kutafuta chakula. Huo ulikuwa usimamizi wa hali ya juu, na ulikuwa wa aina ya Gilbreth, wa kumfikishia fundi kila kitu alipo.

Upande wa pili ni bwawa la Hoover, lililoanzwa mwaka 1931. Joto la bonde lile lilikuwa linaua. Agosti mwaka huo wafanyakazi waligoma wakidai, pamoja na mengine, maji safi na usalama. Kampuni ikawafuta kazi na kuajiri upya kutoka kwenye foleni. Idadi rasmi ya vifo ni 96. Palipokuwa na watu wengi wa kuwabadilisha waliokufa, hakuna aliyeona haja ya kufanya utafiti juu ya walio hai.

Ni kwenye daraja la Golden Gate, San Francisco, ambako mhandisi Joseph Strauss alikataa hesabu hiyo. Aliwalazimisha wote kuvaa helmeti na akatandaza wavu chini ya daraja kwa gharama ya dola 130,000. Wavu huo uliwadaka watu 19. Hadi Februari 1937 alikuwa amekufa mmoja tu. Kisha jukwaa zito likaporomoka, likauchana wavu na kuwaua kumi kwa mara moja. Mafundi waliojua kuna kitu chini yao walitembea juu ya vyuma kwa kujiamini zaidi, na kazi ikaenda haraka. Usalama na kasi, vilivyokuwa vikihesabiwa kama maadui, vilionekana kwenye daraja hilo kuwa ndugu. Wakandarasi wengi walilisahau jambo hilo mapema.

Mishale na kompyuta

Baada ya vita vya pili vya dunia, fedha za utafiti ziliongezeka na macho yakahama kutoka kwa mtu kwenda kwenye karatasi. Mwaka 1957 Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walitengeneza hesabu ya kuonyesha, kati ya mamia ya kazi za mradi, zipi zikichelewa siku moja mradi mzima unachelewa siku moja, na zipi zina nafasi ya kusubiri. Walitumia kompyuta kubwa kama chumba. Katika kiwanda cha DuPont kilichoko Louisville, Kentucky, muda wa kufunga mitambo kwa matengenezo ulishuka kutoka wastani wa saa 125 hadi 93. Mwaka 1958 jeshi la wanamaji la Marekani likaja na mbinu ya jamaa hiyohiyo kwa ajili ya makombora ya Polaris. Mwaka 1961 John Fondahl wa Chuo Kikuu cha Stanford akaonyesha namna mkandarasi anavyoweza kufanya hesabu hiyo kwa penseli, bila kompyuta.

Faida ilikuwa ya kweli, na hadi leo miradi mingi mikubwa hupangwa kwa hesabu hiyo, inayochorwa kwa mishale kutoka kazi moja hadi nyingine. Lakini mchoro ulidhani kwamba kazi ikiisha, inayofuata itaanza. Ulikaa kimya juu ya nondo zisizofika, ramani isiyosomeka, na mafundi umeme wanaongoja mafundi bomba waondoke chumbani.

Huko Uingereza kidonda hicho kiliguswa mwaka 1965, pale Gurth Higgin na Neil Jessop wa taasisi ya Tavistock, London, walipochapisha uchunguzi wao juu ya mawasiliano katika ujenzi. Waligundua kwamba msanifu majengo, mkadiriaji na mkandarasi wanategemeana kwa kila hatua, lakini mikataba inawachukulia kama watu wasiojuana. Mambo yalikwenda kwa sababu wahusika walikuwa wakipatana pembeni, kinyume na karatasi. Ripoti ilisomwa na wengi na kufuatwa na wachache, kwa kuwa ilimgusa kila mkubwa mezani.

Mafundi waulizwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti kijana wa Stanford, John Borcherding, alifanya jambo ambalo leo linaonekana la kawaida: alikaa na mafundi na manyapara akawauliza nini kinawapa raha kazini na nini kinawakera. Nadharia za wakati huo zilisema mfanyakazi huchochewa kwa zawadi, sifa au vitisho. Mafundi walisema vingine. Raha yao ilikuwa kumaliza kitu kinachoonekana, na karaha yao ilikuwa kuzuiwa kukimaliza. Katika utafiti wa baadaye kwenye miradi mikubwa ya vinu vya nyuklia, uliochapishwa mwaka 1981, malalamiko yalikuwa yaleyale: vifaa havipo, zana hazitoshi, kazi iliyokwisha inavunjwa na kurudiwa, vikosi viwili vinapangiwa mahali pamoja.

Nikiulizwa ni wapi historia hii iligeuka, nitataja hapo. Uvivu, ambao kila bosi tangu Tsavo aliuona kuwa chanzo, ulikuwa mara nyingi matokeo ya kusubiri.

Mwaka 1980 umoja wa wakuu wa makampuni makubwa ya Marekani ulitoa ripoti nyingine ya kuumiza kichwa. Mkandarasi aliyechelewa hukimbilia kuongeza saa. Ripoti ilionyesha kwamba ratiba ya saa 60 au zaidi kwa wiki ikiendelea zaidi ya miezi miwili, kikosi huchoka na kukosea kiasi kwamba kazi huisha baadaye kuliko ambavyo kikosi hichohicho kingemaliza kwa saa 40 za kawaida. Mwajiri analipa zaidi ili achelewe zaidi. Lillian Gilbreth alikuwa amekwisha kuyasema ya uchovu tangu vita vya kwanza vya dunia.

Kamba na vigingi, Kenya

Wakati huohuo utafiti wa aina yake ulikuwa ukifanyika mashambani Kenya. Benki ya Dunia ilianza mwaka 1971 kuchunguza kama barabara zinaweza kujengwa kwa mikono badala ya tingatinga bila kupata hasara. Matokeo ya mwanzo, kutoka India na Indonesia, hayakuwapendeza watetezi wa kazi za mikono: kwa mtindo wa kienyeji, na zana mbovu, mashine ilishinda. Ila watafiti hawakuishia hapo. Zana zikiwa bora, kazi ikipangwa, na watu wakiwa wameshiba, hesabu ilibadilika.

Mwaka 1974 serikali ya Kenya, pamoja na Shirika la Kazi Duniani na wafadhili kadhaa, ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uliojengwa juu ya maarifa hayo. Vibarua walitoka kwenye mashamba yaliyo jirani na barabara. Kila asubuhi nyapara alipima kwa kamba na vigingi: huyu achimbe mtaro mita kadhaa, yule asambaze udongo eneo fulani. Ukimaliza sehemu yako, siku yako imekwisha na ujira wako ni kamili. Wengi walikuwa wamemaliza kabla jua halijawa kali, wakarudi kulima shamba lao. Maelfu ya kilomita yalijengwa hivyo, na Kisii kukawa na chuo cha kuwafundisha wasimamizi, kilichopokea wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika.

Kipande cha Kenya kilikuwa na sura tofauti kabisa na kile cha Patterson. Kipimo kilijulikana asubuhi, kilitegemea ugumu wa udongo, na thawabu ya kufanya haraka ilikuwa muda wa mtu mwenyewe. Mzigo wote ulimwangukia nyapara. Akipima vibaya, ama watu wanaondoka saa tatu asubuhi, ama wanamkasirikia jioni. Kwa hiyo mpango ulitumia nguvu nyingi kuwafunza manyapara, na kwa maoni yangu hapo ndipo siri yake ilipokuwa.

Watafiti wa lishe nao walifika. Utafiti uliochapishwa mwaka 1982 uliwapima vibarua wa barabara wa Kenya uzito na damu, kisha ukapima udongo waliochimba. Afya ya mtu ilionekana kwenye mtaro wake, na waliopewa chakula cha nyongeza walielekea kuchimba zaidi, ingawa tofauti haikuwa kubwa ya kushangaza. Ni utafiti unaostahili kusomwa na kila mkandarasi anayemlipa kibarua jioni bila kumwuliza kama alikula mchana.

Ahadi ya wiki moja, 1992 hadi 2000

Mwaka 1992 mtafiti wa Kifini, Lauri Koskela, akiwa mgeni Stanford, aliandika ripoti iliyowaambia wajenzi kwamba wamekuwa wakihesabu kazi na kusahau mtiririko. Alitumia mafunzo ya viwanda vya Toyota: kusubiri, kusafirisha ovyo na kurudia kazi ni upotevu unaolipiwa, ingawa hauonekani kwenye ratiba. Mwaka uliofuata kikundi kidogo cha watafiti kilikutana Espoo, Ufini, na kuanzisha mikutano inayoendelea hadi leo.

Wamarekani wawili katika kundi hilo, Glenn Ballard na Greg Howell, walifanya jaribio jepesi. Kila wiki waliorodhesha kazi ambazo saiti iliahidi kumaliza, na mwisho wa wiki wakahesabu zilizomalizika. Wastani ulikuwa asilimia 54 hivi. Yaani miradi yenye kompyuta, wahandisi na michoro ya mishale ilikuwa ikitimiza nusu tu ya ahadi zake za siku chache. Sababu zilikuwa zilezile walizozitaja mafundi wa Borcherding.

Ballard akatengeneza utaratibu alioueleza kikamilifu katika tasnifu yake ya mwaka 2000. Kiini chake ni kwamba mtu wa mwisho kupanga kazi, yule anayewaambia vijana leo tunafanya hiki, ndiye anayeahidi. Anaruhusiwa kukataa. Kama ramani haijafika au zege la jana halijakauka, kazi haiingii kwenye orodha ya wiki, na ni jukumu la ofisi kuondoa kizuizi. Ahadi isipotimia, huandikwa sababu, si jina la wa kulaumiwa. Nyapara akapewa kwa maandishi haki ya kusema hapana.

Fundi asiyekuwa kwenye mkataba

Je, na kwetu? Tanzania iliunda Baraza la Taifa la Ujenzi kwa sheria ya mwaka 1979, na mwaka 1997 ikaunda bodi ya kusajili makandarasi. Kati ya miaka hiyo miwili mageuzi ya uchumi yalibadili saiti kuliko sheria yoyote. Kazi kubwa za serikali zilipungua, makampuni yakaacha kuajiri mafundi wa kudumu, na wajenzi wakawa vikosi vinavyozunguka chini ya fundi mmoja. R. S. Mlinga na Jill Wells walilichunguza jambo hilo Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2002: makandarasi waliosajiliwa na vikosi visivyosajiliwa wanafanya kazi pamoja, wa kwanza wakishika mkataba, wa pili wakishika mwiko. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2001 ilikuwa imeonyesha mwelekeo huohuo katika sehemu nyingi za dunia.

Kwa mpangilio huo, gharama ya kusubiri haimfikii anayeisababisha. Saruji isipofika, mkandarasi anapoteza siku kwenye ratiba. Kibarua anapoteza ujira wa siku, na saidia fundi anarudi nyumbani kwa miguu. Wala hakuna anayeandika kwa nini saruji haikufika, kwa hiyo wiki ijayo haitafika tena.

Vyuo vyetu vya ardhi na uhandisi vinatoa tasnifu nyingi kila mwaka juu ya ucheleweshaji wa miradi, na nyingi zinategemea dodoso lililojazwa ofisini na wahandisi. Wanafunzi waende saiti Jumatatu na orodha ya kazi zilizoahidiwa, warudi Jumamosi wakati wa malipo, wamkalishe fundi mwenye kikosi na kumwuliza zipi hazikuisha na nini kilikosekana. Wafanye hivyo kwa miezi sita kwenye majengo kumi, kisha watuchapishie majibu yake kwa Kiswahili, mafundi nao wayasome.